Kisasi Kwenye Meza ya Utumbo

Pale machinjioni tulimwita Kidole, naye aliitika. Kuku akifika mezani keshanyonyolewa na kuoshwa, sisi wengine tulihitaji kisu, mkono mzima na subira. Yeye alichana kidogo tu chini ya mkia, akaingiza kidole cha kati, akakizungusha mara moja, na vya ndani vyote vikatoka vimeshikana: firigisi, maini, utumbo wenyewe. Mimi nilikuwa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka minane, kazi yangu kusafisha firigisi, na sikuwahi kumwona akipasua nyongo.

Watu walidhani sifa yake ni kasi. Mimi niliyesimama karibu nilijua kwamba mwanamke yule alikuwa anasoma.

"Hawa waliharisha damu wiki ya tatu," angesema bila kuinua macho. "Wakapona, lakini makovu yapo." Au, "Hawa wamelala kwenye maranda mabichi." Dereva aliyeleta matenga angebisha, kisha angempigia simu mwenye kuku, na mara nyingi angerudi akajimiminia chai. Hakwenda chuo chochote, Kidole. Alikuwa ameachika mapema, hana mtoto, na mikononi mwake walipita kuku wengi kuliko daktari yeyote wa mifugo niliyewahi kumsikia.

Katika kusoma kwake huko akagundua kitu. Kulikuwa na kuku wa mtu mmoja, si wengi, hamsini au sitini kwa mkupuo, ambao utumbo wao ulikuwa tofauti. Ulikuwa wa waridi, mgumu kidogo ukiubonyeza, hauna ute wa kunuka. Akauliza ni wa nani. Wa fundi wa kinu cha viungo, akaambiwa. Siku yake ya mapumziko alikwenda kule kinuni. Fundi alikuwa anasaga tangawizi, manjano na vitunguu saumu vilivyokaushwa, na jioni akishafagia sakafu, vumbi lile lote alilitupia kwenye chakula cha kuku wake nyuma ya kinu.

"Naona ni hasara kutupa," fundi alimwambia akicheka. Hakuwa na habari kwamba alikuwa anafanya jambo la maana.

Kidole alirudi nyumbani akanunua vifaranga thelathini. Akagawa banda lake dogo kwa waya katikati: kumi na watano huku, kumi na watano kule. Chakula kimoja, maji mamoja, chanjo ya kideri siku moja. Tofauti ilikuwa unga wa viungo tu, aliowatilia wa upande mmoja. Alifanya hivyo miaka miwili, kundi baada ya kundi. Alikosea sana. Alipozidisha vitunguu saumu kuku waligoma kula. Alipotia mwarobaini walikula kwa kujilazimisha wakabaki vijiti. Alipoanika majani ya mlonge juani yalipoteza rangi na harufu, akajifunza kuyaanika chumbani, dirisha wazi, akiyageuza asubuhi na jioni mpaka yanavunjika kwa vidole. Mwisho akapata mchanganyiko wake: tangawizi, manjano, vitunguu saumu kidogo na mlonge mwingi, kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo ya chakula. Wiki ya sita wale wa upande wa unga walikuwa wamewapita wenzao kwa gramu mia moja na hamsini, wakati mwingine mia mbili. Hakuna muujiza hapo, na yeye mwenyewe hakupenda kutia chumvi. "Hauponyi ugonjwa," alikuwa akituambia. "Unalishika tumbo tu, chakula kisipite bure."

Sasa, Kidole alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa kike. Mama yao alipofariki yeye ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwoza. Mume wa huyo mdogo alikuwa na duka la vyakula vya mifugo pale sokoni, mtu wa mashati meupe na maneno matamu. Siku moja walikuja wote wawili kumtembelea. Shemeji akazunguka banda, akapima kuku kwa mikono yake, akatikisa kichwa.

"Shemeji, wewe umekalia hazina," alisema. "Hebu nifundishe. Mifuko tutaiandika jina lako, picha yako mbele. Wewe ndiye utakayewafundisha wafugaji. Mimi nitabeba mizigo tu."

Alivikwa kilemba cha ukoka, naye akakivaa. Jikoni kwake, Jumapili nzima, aliwaonyesha kila kitu. Mdogo wake alitwanga, yeye akachekecha, shemeji akaandika kwenye simu: kiasi gani, kikauke siku ngapi, kisagwe namna gani. Walipoondoka mdogo wake alimkumbatia akasema, "Dada, safari hii utapumzika."

Miezi mitatu ikapita bila neno. Kisha tukaiona mifuko. Mmoja ulikuja machinjioni, mtupu, dereva ameutumia kubebea viatu vyake. Ulikuwa na picha ya shemeji amevaa koti jeupe la kidaktari, mikono kifuani, na chini yake maneno: *Mtaalamu wa Tumbo la Kuku*. Kidole aliukunjua mezani akautazama mbele na nyuma. Jina lake halikuwapo.

Wiki ile ile shemeji aliitisha mkutano wa wafugaji kwenye ukumbi wa shule. Kidole aliniomba nimsindikize. Tulikaa nyuma. Shemeji alieleza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alieleza kila alichofundishwa jikoni kwa shemeji yake, hata habari za kuanika kivulini, kana kwamba amebuni yeye. Wakati wa maswali Kidole akasimama.

"Naomba kuuliza. Huo mchanganyiko uliupata wapi?"

Ukumbi ukageuka kumtazama. Shemeji hakubabaika. Alitabasamu kama mtu aliyeletewa kiti.

"Ndugu wafugaji, huyu ni shemeji yangu, nampenda sana. Kazi yake ni kutoa matumbo ya kuku machinjioni. Sasa nyie wenyewe semeni, mtu anayeshinda ndani ya utumbo kutwa nzima, mkimpa nafasi ya kuzungumza atawaambia nini?" Akanyamaza kidogo. "Utumbo mtupu!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga meza. Mtu wa mbele yetu alicheka mpaka akavua kofia. Kidole hakuwa anamtazama shemeji. Alikuwa anatazama safu ya kwanza, pale mdogo wake alipokaa na gauni jipya. Mdogo wake alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika.

Kesho yake alifika kazini kabla ya wote, akafunga aproni, akanoa kisu ambacho wala hakikuhitaji kunolewa. Nikamwambia aende akashtaki, aende kwa wazee wa ukoo, afanye lolote.

"Sina haraka," alisema. "Machinjio yenye muhuri wa mkaguzi ni haya tu. Kuku wote watakaokula unga wake watapita hapa, chini ya kidole hiki. Ataenda wapi?"

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya mateso kwake, na sababu yake ni ya ajabu: kuku walikuja wazuri. Unga ulikuwa wake, ulifanya kazi ile ile. Alikuwa anatoa utumbo wa waridi, safi, kama aliokuwa akiuona bandani kwake, na kila alipoutoa uso ulizidi kukaza. Wafugaji waliingia wakimsifu mtaalamu. "Yule bwana ametuokoa," walisema mbele yake, naye akavuta kuku mwingine. Alikuwa anaomba kuku wa watu waugue. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila aibu.

Akajibiwa msimu wa mvua. Wateja wa shemeji walikuwa wameongezeka, mifuko haimtoshi. Tulisikia kwamba ananunua majani mabichi kwa magari, anayarundika stoo, na kinachopungua anajazia pumba za mahindi za mwaka juzi. Jumatatu moja Kidole alitoa vya ndani vya kuku mmoja, akavilaza kwenye kiganja. Ini lilikuwa kubwa, la njano kama siagi. Alilibonyeza kidogo likamomonyoka. Akatoa la pili, likawa vile vile. Akamwita dereva akamuuliza kuku wanalishwa nini. Jibu lilikuwa lile alilolitaka.

Aliniagiza nikamnunulie mfuko mmoja, kwa kuwa sokoni mimi sikujulikana. Tukaufungua nyuma ya chumba cha barafu. Hapakuwa na harufu ya tangawizi wala ya kitunguu. Ulinuka kama godoro lililolala nje. Ndani kulikuwa na mabonge, na kwenye mabonge ukungu wa kijani.

"Tumwite mkaguzi," nilisema.

"Bado."

"Bado nini? Hii ni sumu."

"Nikimwita leo, atamwonya kwa barua. Atalaumu mfanyakazi wa stoo, atasafisha, mwezi ujao anarudi na koti lake. Mimi sitaki aonywe." Akaufunga mfuko kwa kamba. "Nataka aonekane."

Ilichukua wiki tatu. Wiki tatu zile Kidole alikuwa anayachomoa maini yote ya njano na kuyatupa kwenye pipa la taka kabla mkaguzi hajafika mezani, kwa mkono mwepesi kiasi kwamba hata mimi nilikuwa nikipitwa. Mkaguzi alipouliza mbona maini ni machache, alimjibu kwamba mengine yalipasukiwa nyongo. Yeye, aliyekuwa hapasui nyongo! Mkaguzi akaamini. Machache aliyafungia kwenye barafu, kila ini limeandikwa limetoka banda gani.

Katika wiki hizo alikuja mwalimu mmoja mstaafu, mzee mpole aliyejenga banda la kuku mia nne nyuma ya nyumba yake. Alileta kuku kumi na wawili wa kwanza, akasubiri getini mpaka Kidole alipotoka kunywa chai.

"Mama," alimwambia, "wanasema wewe ndiye unayejua kuku kwa ndani. Ule unga wa shemeji yako, niwape hawa wangu au nisiwape?"

Nilikuwa pembeni na kikombe changu. Nilimwangalia Kidole. Alimeza mafunda mawili ya chai.

"Muulize mwenyewe, mwalimu," akasema. "Yeye ndiye mtaalamu."

Mwalimu akashukuru. Nilipofungua mdomo, Kidole alinikanyaga mguu.

Siku aliyoichagua ilikuwa Jumamosi asubuhi. Alimwomba msimamizi wa machinjio awaite wafugaji waje washuhudie kuku wakipimwa na kupasuliwa, ili wajionee kazi ya unga wa asili. Msimamizi alipenda, ni sifa kwa machinjio. Kisha Kidole akamtumia mdogo wake ujumbe: *Mwambie mumeo aje. Yaliyopita yamepita. Nataka nimpongeze mbele za watu.*

Akaja. Koti jeupe limepigwa pasi, mke pembeni, wafugaji kama arobaini nyuma yake. Alimpa Kidole mkono na kumwita shemeji yangu wa moyoni. Kidole akamkaribisha mezani kama mgeni rasmi, akampa hata glavu.

Juu ya meza ya chuma kulikuwa na kuku ishirini. Kumi wa kulia aliwakuza yeye nyumbani kwa unga wake. Kumi wa kushoto walitoka asubuhi hiyo kwa wateja wanne wa shemeji, na wateja wenyewe walikuwa wamesimama pale wakiwatambua.

"Nitapasua mmoja huku, mmoja huku," Kidole alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Mkaguzi, sogea karibu."

Akaanza. Kidole kikaingia, kikazunguka. Wa kulia: ini jekundu la kahawia, utumbo wa waridi. Akaweka kwenye sinia. Wa kushoto: ini la njano. Akaweka. Wa kulia, wa kushoto. Hakueleza chochote. Kufikia jozi ya nne watu walikuwa wamebanana mpaka ukingoni mwa meza. Kufikia jozi ya saba mkaguzi alikuwa amevua miwani akaivaa tena. Akachukua ini moja la njano, likamvunjikia vidoleni.

Kisha Kidole akatoa yale ya kwenye barafu, akayapanga mbele yake: banda la fulani, banda la fulani, wiki hii, wiki iliyopita. Mwisho akainua mfuko wenye picha, akaukata kwa kisu katikati ya koti jeupe, akaumwaga. Ule ukungu wa kijani ukatawanyika juu ya chuma. Harufu ilifika mpaka mlangoni.

"Shika, unuse," alimwambia mfugaji wa kwanza. "Mpe na mwenzako." Akamgeukia shemeji. "Sasa, mtaalamu, tuelezee. Sisi wengine hapa tunajua utumbo tu."

Shemeji alifungua mdomo. Akasema kuna watu wanaiga mifuko yake. Akasema mvua. Akasema mfanyakazi. Mfugaji mmoja, mama mnene mwenye sauti, alimkata: "Mfuko huo nimeununua kwako, kwa mkono wako, juzi! Kuku wangu themanini wamekufa ukaniambia ni baridi!" Hapo ikawa vurugu. Walimzunguka. Mtu alimvua koti, sijui nani, likakanyagwa kwenye maji ya sakafu. Msimamizi na walinzi wawili ndio waliomtoa, shati limechanika begani, anatembea kinyumenyume. Kidole alisimama palepale akimwangalia mpaka geti lilipofungwa. Alikuwa anatabasamu. Miaka minane sikuwahi kuyaona meno yake yote.

Mkaguzi alipeleka unga maabara, jibu likarudi kwamba ni sumu ya ukungu, tena kali. Duka likafungwa kwa amri. Wiki ya pili yake mdogo wa Kidole alikuja asubuhi, akamkuta anavaa mabuti.

"Dada, umenivunjia nyumba. Hatuna pa kupita, watu wanatutemea mate. Ungeniambia mimi ningemzuia."

"Ulicheka," Kidole alisema.

"Nilicheka kwa aibu! Ningefanya nini mbele za watu?"

"Ungenyamaza." Akavuta buti la pili. "Nenda nyumbani. Mimi na wewe tumemalizana."

Nilidhani atamwita arudi. Hakumwita. Mpaka leo hawasalimiani, na yule shemeji alihamia mji mwingine, nasikia anauza rangi za nyumba. Kidole akisikia habari zake mbaya huomba ahadithiwe tena.

Wafugaji walimfuata yeye. Alianza kutengeneza unga nyumbani, mifuko midogo isiyo na picha, na walikuwa wanapanga foleni uani. Siku moja kwenye foleni alisimama yule mwalimu mstaafu. Ilipofika zamu yake hakuchukua mfuko.

"Banda langu ni tupu," alisema. "Mia tatu na arobaini wamekufa, waliobaki nimewaua mwenyewe. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Siku ile getini, ulikuwa tayari unajua?"

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Angeweza kusema hapana, na nani angembishia? Mimi peke yangu.

"Nilikuwa najua," Kidole alisema.

Mwalimu akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesahihisha jibu akalikuta vile alivyotarajia, akaondoka. Waliobaki walichukua mifuko yao, lakini hakuna aliyepiga soga tena.

Mwezi uliofuata Kidole alipeleka kwa mwalimu vifaranga mia moja, akawaacha mlangoni pamoja na mfuko wa unga. Mwalimu aliwapokea vifaranga. Mfuko alimrudishia kwa mkono wa dereva, haujafunguliwa. Kuku wakalelewa kwa chakula cha kawaida, na walipotimiza wiki sita akawaleta machinjioni mwenyewe. Pale mapokezi alimwomba msimamizi jambo moja: wafunguliwe na mtu yeyote, asiwe Kidole.

Msimamizi akanipa mimi. Nilifanya kazi ile asubuhi nzima kwa kisu na mkono mzima, polepole, nikapasua nyongo tatu. Yeye alikuwa meza ya pili, amenipa mgongo, anasafisha firigisi zangu.

"Wazima," nilimwambia nilipofika wa mwisho. "Maini mazuri, utumbo mzuri."

Hakugeuka. Aliendelea kusugua firigisi ile ile aliyokuwa nayo, iliyokwisha kutakata zamani.